Uzito wa Malachy Keogan, 1925–1987

Siku Fintan Cuddihy alipomtia machoni Malachy Keogan kwa mara ya kwanza, Ijumaa tarehe 7 Mei 1971, marehemu alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Kilbrannock na bendera nyekundu mkononi. Alikuwa kibarua wa barabara. Alikuwa akizuia magari ili farasi wa Bwana Randal Aylward wavuke.

"Teremka kwenye baiskeli, kijana. Wakubwa wanapita," alisema. Farasi wa mwisho alipovuka, alitema mate pale zilipokanyaga kwato zake. "Na wewe, tai shingoni siku ya kazi, waenda wapi?"

"Kwa Mzee Keogan. Kumposa Attracta."

"Keogan ni mimi. Huwa unasema hivyo siku zote, kama mtu anayeungama dhambi?"

Fintan aliteremka kwenye baiskeli. Alipewa mke, lakini swali lile aliulizwa kwa miaka kumi na sita.

Malachy alizaliwa Kilbrannock, Kaunti ya Kilkenny, tarehe 11 Novemba 1925, mtoto wa nne wa Thaddeus Keogan, mhunzi, na mkewe Honoria. Alibatizwa katika kanisa hili tulilotoka sasa hivi.

Alisoma shule ya msingi ya hapa hadi mwaka 1939. Mwalimu alimwambia mama yake kwamba mtoto anajua hesabu, ila anahesabu miguu ya farasi wanaopita dirishani, basi. Mwaka huohuo aliingia katika mazizi ya marehemu Bwana Aylward mkubwa, mtu wa haki, ambaye Malachy hakuwahi kumsema vibaya. Alianza kwa kufagia, akaishia kupanda farasi wa mbio. Mbio zake zilikuwa zile za kuruka nyua na mitaro, na ushindi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1946. Alivunjika mitulinga yote miwili. Mbavu alizoea kuvunjika kama sisi wengine tunavyozoea mafua.

Mpanda farasi hali akashiba. Ili kupunguza mwili, Malachy alijifukia hadi shingoni katika lundo la samadi ya moto, akatoka jasho. Huko ndiko Bi Philomena Brophy alikomkuta, akiwa amebeba ndoo za maziwa.

"Wewe," alimwuliza, "umepandwa hapo au umeota mwenyewe?"

"Nangoja mvua, dada. Ukipita na maziwa, pita mbali. Nina njaa."

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1950. Bwana harusi alikula yai moja tu, kwa kuwa wiki ile alikuwa na mbio. Bibi harusi alimlia sehemu yake, na hadi leo haoni aibu.

Bwana Aylward mkubwa alifariki mwaka 1952, na mazizi yakawa ya mwanawe Randal. Tarehe 18 Machi 1954, katika uwanja wa Ballinree, Malachy alimpanda farasi jike aitwaye Tansy. Kila farasi hupangiwa uzito. Mpandaji akiwa mwepesi, huongezewa vipande vya risasi, si ya bunduki bali yale madini mazito yenyewe, katika mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Malachy alipimwa, uzito ukatimia, akamkabidhi Randal tandiko na kitambaa ili amtandike farasi, kama ilivyo desturi. Tansy alishinda. Lakini ushindi si ushindi hadi mpandaji arudi kwenye mizani na karani aite, "Uzito sawa!" Siku ile karani hakuita. Risasi zilikuwa zimepungua.

Wasimamizi waliwauliza wote wawili. Randal alisema, "Mimi sikufungua mifuko. Mwulizeni aliyempanda." Ilisemwa kwamba Malachy alizitupa mtaroni. Watu walitafuta mtaroni, hawakuona kitu, na hata hivyo yeye ndiye aliyenyang'anywa leseni. Mwenye nguvu mpishe. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa kupanda wala kukanyaga zizi lolote, akapewa bendera nyekundu ili ampishe kweli. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini, mvua na baridi, na Randal alimpungia mkono kila alipopita.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa na kona. Mwaka 1979 mtunza farasi wa Aylward, marehemu Mossie Lacey, akiwa kitandani anakufa, alimwita Malachy. Fintan ndiye aliyempeleka. Mossie alitoa soksi chini ya mto, na ndani yake zilikuwamo risasi, kila kipande na msalaba ambao Malachy mwenyewe aliukwaruza kwa msumari.

"Nilizitoa mfukoni mwa koti la Randal, jioni ileile, nikilianika," Mossie alisema. "Alitaka kuzirudisha kabla ya mizani, ila watu walimzunguka farasi kwa shangwe. Nyumba ninayolala ni yake, Malachy. Ningesema, watoto wangelala wapi?"

"Lala, Mossie. Wewe sikudai kitu," Malachy alimjibu. Nyumbani aliitundika soksi juu ya jiko, akasema atangoja.

Saratani ya mapafu ilimshika mwaka jana, mwezi wa Septemba. Alipungua hadi akarudia uzito wa ujana wake. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 3 Februari 1987, baada ya kupokea sakramenti.

Ameacha mjane, Philomena, binti, Attracta, mkwe, Fintan, anayesoma haya, wajukuu Declan na Orla, na dada yake Concepta. Ameacha pia risasi. Jana, jeneza lilipotolewa nyumbani, Bwana Aylward alipewa heshima ya kubeba mbele, kulia. Mlangoni mwa kanisa alilisugua bega, akamwuliza Fintan, "Mzee alinenepa mwishoni?" Fintan alitazama viatu vyake, akasema, "Kesho utajua, bwana." Leo amebeba tena, na sasa amejua. Ile soksi imo jenezani, upande aliobeba yeye.

Kwa agizo la marehemu, karatasi hii inagawiwa hapa kaburini, si mlangoni. Mungu ampokee na kumpumzisha, na wanaohusika wasipumzike mapema.

Jumatatu mchana, siku moja kabla ya kufa, Malachy alimshika Fintan mkono, akamwambia, "Risasi upande wa Randal, mwanangu. Na siku ya kunizika usisome kama unayeungama. Si wewe mwenye dhambi. Inua kichwa, mtazame, halafu uite kwa sauti, wote wasikie: Uzito sawa!"