Mwalimu Tamura na Korido ya Maneno Magumu

Sijawahi kumwambia mtu kwamba neno la kwanza la Kijapani nililolitamka kwa moyo wangu wote lilikuwa tsurai, yaani inaniuma. Alilisikia Mwalimu Hisae Tamura peke yake. Anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafundisha Kijapani watoto wa wageni shuleni kwetu hapa Japani.

Maneno ya taabu, kama gumu, chungu na zito, hakuyafundishia ubaoni. Alingoja saa ya usafi, wanafunzi wote tunapopiga magoti kupangusa korido. Tukienda, tulilitamka neno kwa hali ya leo, kama tsurai; tukirudi, kwa hali ya jana, tsurakatta, yaani iliniuma. Naye alisukuma tambara lake pamoja nasi, ingawa goti lake moja ni bovu.

"Mwalimu, kigumu hapa ni hii sakafu!" mwenzetu Thiago alilalamika.

"Basi niambie jana ilikuwaje!" akajibu, huku akimpita. Tulicheka hadi ndoo ikamwagika.

Wanafunzi wake wa zamani leo ni wauguzi, mafundi, na mmoja ni mwalimu.

Baba yangu alipofariki kiwandani, kila aliyenijulia hali nilimjibu, "Niko sawa." Huku ndivyo watu hujibu. Siku moja, katikati ya korido, mikono iligoma na lile neno likanitoka. Mwalimu hakuniambia niliseme kwa hali ya jana. Aliketi kando yangu kwenye maji, sketi ikalowa, hadi kengele ikalia.

Sote tunajua anaondoka ili amuuguze mumewe, ambaye kumbukumbu zimemtoka. Tukimuuliza, husema, "Niko sawa." Taabu zetu zote amezisikia, yake hajawahi kuitaja.

Jumatatu iliyopita, tambara lake lilisimama katikati ya korido.

"Goti, Mwalimu?" Thiago aliuliza.

"Si goti." Akanigeukia. "Analyn, leo asubuhi mume wangu ameniuliza kama nimeolewa."

Thiago akaisogeza ndoo kando.

Mwalimu, asante kwa kila neno. Uende salama, goti lipone, na siku ikikulemea usiseme uko sawa. Korido yetu unaijua.

Nami Jumatatu ile niliketi kando yake kwenye maji hadi kengele ikalia. Kisha nikafua matambara mawili, lake na langu, nikayaanika dirishani.