Kauno Räihä na Mafua Yaliyoshuka Moyoni

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lahja Räihä, dada mkubwa wa marehemu, familia imenichagua nisome wasifu wake kwa sababu silii mbele za watu, nami naomba mweke vikombe vya kahawa chini kidogo, hasa meza ile ya klabu ya skii, maana yapo yanayowahusu.

Ndugu yetu Kauno alizaliwa tarehe 9 Novemba 1963 hapa Korpijoki, mtoto wa pili na wa mwisho wa Eino na Hilja, akaanza shule ya kijiji mwaka 1970, akienda na kurudi kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, akahitimu ufundi umeme mjini Kajaani mwaka 1982, na baada ya jeshi akaajiriwa kutengeneza nyaya, akipanda nguzo kwenye baridi ya kugandisha kope, miaka yote hiyo bila kuomba hata siku moja ya ugonjwa, jambo ambalo wenzake walilisifu na mimi lilinitia shaka, kwa kuwa hakuna mtu asiyeugua, yupo anayeficha.

Tarehe 18 Juni 1988 alimuoa Terttu, ambaye nakiri nilimshuku miaka kumi, nisamehe wifi yangu, wakajaliwa binti mmoja, Saimi, tarehe 3 Mei 1990. Machi ya mwaka huohuo Kauno aliingia mbio zetu za skii za kila mwaka, kilomita sitini, kwa mara ya kwanza, na hakukosa tena, kwani anayefikisha mara ishirini na tano mfululizo jina lake huchongwa kwenye ubao wa klabu, na anayekosa moja huanza upya.

Ugonjwa wake ulianza tarehe 6 Machi 2013, mafua na homa ya digrii thelathini na nane na nusu, siku nne kabla ya mbio za ishirini na nne, nikampigia simu akanicheka, “Dada, wewe hata kivuli chako unakishuku, naingia sauna, kwenye joto na mvuke, nitoe jasho, Jumapili niko fiti,” na Jumapili alimaliza kweli, midomo imemgeuka bluu, ila kufikia Mei ngazi za nyumbani kwake zilimshinda, miguu imevimba, analala ameketi.

Nilishuku nta ya skii, nilishuku maji ya kisima, nilishuku hata supu ya Terttu, na daktari nilimshuku kuliko wote, nikamuuliza, “Mafua ya nusu ya kijiji yamuue fundi wa nguzo?” Akanijibu kwa upole, “Mama, virusi vilevile vikishuka kwenye msuli wa moyo, msuli unavimba, ukipumzishwa, mara nyingi hupona, ukilazimishwa kukimbia huweza kuharibika kabisa,” akanionyesha picha ya moyo wa ndugu yangu, umetanuka, umelegea. Alifariki tarehe 25 Februari 2014, siku kumi na mbili kabla ya mbio za ishirini na tano.

Sasa nasikia klabu imemteua Saimi akimbie kesho kwa niaba ya baba yake, ili jina lichongwe, na Mwenyekiti Voitto ananiambia eti ni heshima kwa marehemu, kumbe tangu asubuhi kanisani namwona binti anakohoa ndani ya skafu, na kaburini nilipomshika mkono ulikuwa wa moto, akauvuta haraka, “Shangazi, ni kilio tu.” Kilio hakipandishi homa, Saimi, na baba yako naye alikuwa hodari wa kuficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, pamoja na yule niliyemfokea, majirani waliozoa theluji mlangoni kwa Terttu mwaka huu mzima wa shida, mafundi wenzake wa nyaya, na klabu pia, kwa shada la maua. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mstari wa kuanzia na kipimajoto mkononi, na anayetaka binti huyu apite atanipitia mimi kwanza, kwa sababu nimeshazika mmoja, wa pili simziki.

Kauno, ndugu yangu, pumzika kwa amani, huyu niachie mimi.