Goli la Jumber Lomtadze, Beki wa Khoni (1948–2019)

Marehemu Jumber Lomtadze alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Khoni, mtoto wa tatu wa Mzee Akaki, mfua chuma, na Mama Pelagia. Alisoma mjini hapa hadi mwaka 1965. Walimu walimkumbuka kwa nidhamu yake. Madirisha ya shule yalimkumbuka kwa mengine.

Mwaka 1967 alijiunga na timu ya kiwanda cha chai akiwa beki wa kati. Hakuwa na mbio, lakini mshambuliaji aliyempita alirudi nyumbani akichechemea. Mwaka 1971 alimwoa Bi Tsiala, mwalimu wa jiografia. Bwana harusi aliingia kanisani na mguu wenye plasta, na jioni akacheza ngoma hadi plasta ikapasuka.

Katika miaka yote ya uchezaji alifunga goli moja tu, la Oktoba 1974. Halina budi kutajwa, kwa kuwa waombolezaji wote mnalisubiri.

Wiki moja kabla, kichwa cha marehemu kiligongana na mdomo wa golikipa wake, rafiki na jirani yake Murtaz Chikvaidze, kikamng'oa meno ya mbele. Katika mechi ya mwisho ya msimu mpira wa juu ulikuja langoni, na Murtaz akatoka akipiga kelele, "Chemia", yaani "Ni wangu". Kwa pengo lile, marehemu alisikia "Shenia", "Ni wako". Akajitosa kwa kichwa. Mpira ukampita Murtaz, ukatua wavuni, na timu ikashuka daraja.

Nyumba zao zilitenganishwa na uzio. Kila tunda lililoanguka mpakani lilifufua kesi.

"Okota, jirani. Shenia," marehemu alisema.

"Kama si hilo bichwa lako, ningetamka vizuri," Murtaz alijibu.

Mji ulimlaumu marehemu. Hakuna karamu iliyokwisha bila msimamizi wa meza kuinua glasi kwa heshima ya "mabeki wenye masikio". Marehemu alicheka na kunywa pamoja nao, lakini akifika nyumbani aliuliza, "Tsiala, nitazikwa na goli lile?"

Baada ya kustaafu soka alikuwa fundi mitambo kiwandani hadi kilipofungwa, kisha akafundisha watoto kucheza mpira, akisisitiza kwanza usikivu.

Mwaka 2018 mapafu yalianza kumsumbua. Tarehe 15 Februari mwaka huu Murtaz alikuja na mtungi wa divai na meno mapya ya bandia. Akaketi kitandani.

"Jumber, lile goli chemia. Sikupaswa kutoka."

"Nimesikia shenia."

"Chemia, kiziwi wee."

"Shemeji yako yuko jikoni, hakusikia. Na mtaa je? Fungua dirisha."

Murtaz alifungua, akautangazia mtaa mzima. Marehemu akaomba divai kidogo. Alifariki siku mbili baadaye, usingizini.

Ameacha mjane, Bi Tsiala, watoto, Nana na Zaza, wajukuu watano, na Murtaz, aliyelibeba jeneza leo upande wa kichwa, akisema upande ule anaujua. Goli haliingii kaburini, limepata mwenyewe.

Mungu ampe pumziko lisilo na dakika za nyongeza.