Dhahabu ya Felisian

Benchi letu la mtaa wa Kizwite ni gogo juu ya matofali, na mimi ndiye ninayelichemshia kahawa, kwa hiyo upuuzi wote wa pale huniingia masikioni kwanza. Asubuhi ile, baada ya mvua ya kwanza, Felisian alikuja kututangazia kwamba plau yake amemkabidhi mgeni mmoja wa gesti, mwenye tai na unga mwekundu, aigeuze dhahabu. Kazi hiyo, alisema, inaitwa transmyutesheni. Nilitamani kumrushia birika. Wenzangu wakataka kwanza kujua neno lenyewe lina maana gani.

— Hicho Kilatini, alisema Nestory, tunayemwita Padri Nusu kwa sababu seminari walimrudisha kwao katikati ya masomo. Trans ni ng'ambo. Mutare ni kubadilisha. Kitu kinavuka ng'ambo, kinarudi kingine.

— Kwa basi la saa ngapi? niliuliza.

— Urbano, we mimina kahawa.

Raymond muuza mitumba, maarufu kama Soko Huria, akacheka.

— Mnahangaika na Kilatini wakati mambo mnayaona. Duka la ushirika si limegeuka baa? Godauni la mahindi si ndiyo disko? Mimi nilikuwa karani, leo nauza suruali za marehemu wa Ulaya. Huo unga serikali iliununua kitambo, ikainyunyizia nchi nzima.

— Mbona dhahabu hatuioni? nikamuuliza.

— Walinyunyiziwa wengine.

— Chekeni tu, alisema Felisian. Babu yangu Polikarp alikuwa anayeyusha chuma. Tanuru lake la udongo bado limesimama shambani kwetu Malangali. Anatia mawe na makaa, watu wanapata majembe. Jiwe liligeuka jembe, sasa plau ishindwe nini?

Tanuru hilo sisi wazaliwa wa huku tumelikojolea tukiwa watoto, kwa hiyo kulibishia kulikuwa kugumu. Aliyeokoa jahazi ni Kashinje, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani.

— Kwetu wachawi wanamfanyisha fisi kazi usiku kucha, asubuhi anageuka shemeji yako, anakuomba ugoro. Plau ni nini bwana.

— Tena Adamu alikuwa udongo, Padri Nusu akadakia. Felisian, wewe mwenyewe ni tope lililopandishwa cheo.

— Ndiyo maana mkewe hamsikilizi, akamalizia Soko Huria.

Felisian alicheka kuliko wote, nami nikamwonea huruma. Plau ile aliinunua kwa kiinua mgongo alipopunguzwa kazi, na hakuwa na kitu kingine cha kumlisha mtu.

Ndipo akatokea mkewe, Redempta, matope hadi magotini, akiongoza maksai wawili.

— Za asubuhi, shemeji zangu. Kashinje, asante kwa kutuazima maksai. Nimewafunga nira mwenyewe, ardhi imelainika vizuri. Baba Rosina, plau umeiweka wapi?

Felisian alimtazama Padri Nusu. Padri Nusu alitazama ndani ya kikombe chake. Soko Huria akaanza kukunja suruali ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Redempta alirudia swali, polepole, akidhani hatukusikia.