Pumzi, Fundi wa Baiskeli za Wakunga

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuja kutusindikiza, pamoja na ninyi wakunga mliosimama nje ya uzio na baiskeli zenu, sogeeni karibu, kwani mbele yenu amesimama mdogo wa mwisho wa marehemu, aliyetumwa na familia kuyasoma maisha ya kaka yake jinsi yalivyokuwa, yale matamu na yale yaliyotuuma.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pumzi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1968, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mchomeleaji wa mageti na mama mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na mama alitusimulia kwamba mtoto huyo alitoka akilia mfululizo mpaka aliyemzalisha akasema, “Huyu ana pumzi za watu watatu,” jina likamganda hapo hapo.

Alianza shule ya msingi Januari 1976, akamaliza mwaka 1982, kisha akasoma sekondari hadi Novemba 1986, ambako, tuseme ukweli, hakuwa hodari wa darasani, somo pekee alilolipenda lilikuwa jiografia, tena kwa sababu ya ramani zenye milima, lakini hakuwa mchelewaji, kwani kila asubuhi alimpakia dada yetu nyuma ya baiskeli nzito ya baba na kupanda naye kile kilima ambacho wenzake walishuka na kukokota, dada akimpigia kelele kwamba atamchania sare na mama atawachapa wote wawili.

Mwaka 1987 aliajiriwa na mwoka mikate mmoja kusambaza mikate madukani, na tarehe 5 Agosti 1989 mwajiri wake huyo akamwandikisha katika mbio za baiskeli za mji bila hata kumuuliza, Pumzi akafika moja kwa moja kutoka kazini, akashika nafasi ya nne huku kreti la mikate likiwa bado limefungwa nyuma, na alipoulizwa kwa nini hakulifungua alijibu, “Kamba ilikuwa imekaza, na nyie mlishapuliza filimbi.” Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio kama yeye mwenyewe, Februari 1991 akasajiliwa na timu ya kulipwa ng’ambo, na tarehe 20 Julai 1994 akashinda siku ngumu ya milimani katika mashindano makubwa, akiwaacha nyuma watu waliokuwa wakitajwa redioni kila jioni, baba akafunga karakana siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua.

Katika kipindi hicho, tarehe 18 Desemba 1993, alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa, mkunga wa zahanati, ambaye alipochumbiwa alimwambia, “Mimi sitakuwa mke wa kukungoja kwenye televisheni, nina wajawazito wangu,” na ndoa hiyo ikajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa Machi 1995 na kijana aliyezaliwa Oktoba 1999.

Sasa tufike pale ambapo wengi wenu mmekuwa mkipita mbali kwa heshima. Aprili 1996, katika chumba cha hoteli walimolala waendeshaji wanne, daktari wa timu aliingia na kisanduku cha barafu chenye sindano, akasema, “Ni vitamini tu, kila mtu anatumia,” Pumzi akamjibu, “Kama ni vitamini, daktari, anza wewe,” akachukua mto na blanketi lake akaenda kulala kwenye chumba cha mafundi, na msimu ulipokwisha mkataba wake haukuongezwa, akarudi nyumbani na mabegi mawili na mwili uliokonda. Juni mwaka uliofuata daktari yule alikamatwa mpakani, gari lake limejaa dawa za kusisimua misuli, timu nzima ikachafuka, waliokuwamo na waliokwisha kuondoka, na kwa kuwa sampuli za zamani za damu na mkojo zilishatupwa, hapakuwa na kipimo cha kumtia hatiani wala cha kumsafisha, gazeti moja likaandika kwa herufi kubwa “Pumzi za Dukani,” na vijana wa mtaani wakawa wakimwona wanavuta hewa kwa mbwembwe na kuuliza bei.

Yeye hakugombana na mtu, ila miaka kadhaa baadaye, binti yake aliporudi kutoka shuleni akilia, akamuuliza waziwazi mezani, “Baba, ulitumia?” alishusha kijiko, akamwangalia, akasema, “Hapana, mwanangu. Na hata usiponiamini leo, kula, chakula kinapoa.” Binti alikula, na ametuomba tuseme hapa kwamba alimwamini tangu siku ile, kwa sababu baba hakujaribu kumshawishi.

Kazi aliyoifanya kwa miaka mingi zaidi ilianzia miguuni mwa mkewe, kwani alimwona shemeji akirudi kutoka kwa wajawazito wa vijiji vya pembeni na visigino vimepasuka, akamwundia baiskeli yenye kapu la vifaa na breki zinazoshika hata kwenye matope, wakunga wenzake wakaiona wakaitamani, na tarehe 2 Mei 2001 akafungua karakana katika ghala kuukuu, yeye na mafundi wake wakiunda baiskeli za wakunga na matela ya kubebea wagonjwa, jina lake likiandikwa juu ya mlango na wafadhili waliompenda kwa ushindi wake.

Wafadhili hao hao ndio waliokuja Septemba 2004, baada ya gazeti lile kufufua habari zile na kudai kwamba msaada wake ni sabuni ya kuoshea jina, wakasema kwa upole kwamba hawamtuhumu, ila akibaki uongozini, na jina lake juu ya mlango wao, watajitoa. Shemeji alisimama kwenye kikao akasema, “Basi jitoeni, mlango wenyewe tuliupaka rangi sisi,” lakini Pumzi alimshika mkono, akawauliza, “Nikitoka, matela yataendelea?” wakasema yataendelea, naye akapanda ngazi na bisibisi, akakifungua kibao mwenyewe. Asubuhi yake mkewe alimkuta amevaa ovaroli anakwenda kuomba kazi ya ufundi kwa mwenyekiti mpya wa kamati ya karakana, karani mstaafu wa benki, mama ambaye yupo hapa na ambaye hadi leo anasema hajawahi kuona haya kama siku ile alipomwajiri mwenye karakana.

Kwa miaka minane alinyoosha magurudumu kwenye kona ya nyuma, wageni wakipita na kupiga picha bila kumjua, hadi tarehe 11 Oktoba 2012, mwenzake wa timu aliyeitwa Jogoo, mmoja wa wale wanne wa chumba cha hoteli, alipokiri mbele ya tume ya mchezo huo kwamba alitumia dawa, akaongeza, bila kuulizwa, kwamba chumbani mle mtu mmoja tu, Pumzi, alikataa sindano. Habari ilipofika karakana, Pumzi aliketi sakafuni kati ya spoki, akalia kwa sauti, mtu mzima, mafundi wakazima mashine kwa heshima, kisha akajifuta kwa mkono wenye grisi na kuuliza, “Jogoo mwenyewe sasa anakula wapi?” Jogoo alikuwa amefukuzwa kazi kwa ukweli wake huo, na mwezi uliofuata akawa na meza yake humo karakana, kando ya Pumzi. Wapo ambao hawakuridhika na ushahidi wa mkosaji, nao wana haki yao, lakini kamati ilimrudisha Pumzi uongozini Januari 2013, akaitumikia karakana hadi nguvu zilipomwishia.

Februari 2023 alianza kusikia maumivu ya tumbo, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, na kwa kuwa minong’ono ilirudi kwamba ni zile dawa, binti alimuuliza daktari, naye akasema ugonjwa huu huwapata hata watu ambao hawajawahi kupanda baiskeli. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 2023, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu na kumwambia ukweli, majirani waliotupikia tulipokuwa hatujijui, mwenyekiti na mafundi wa karakana, wakunga waliopokezana kumgeuza kitandani kama mtoto, Jogoo aliyekuwa akimnyoa ndevu kila Ijumaa na kumchekesha mpaka kikohozi, na hata wewe uliyewahi kumshuku kisha leo ukaja, karibu, umefanya vyema kuja. Wakunga wawili wametuaga kabla hatujaanza kusoma, wameitwa kwa mzazi aliyeshikwa na uchungu, tukawaambia wasijali, waende tu, kwani mwenyewe asingewazuia.

Pumzika salama, Pumzi wetu.