Ajenda ya Tano: Shavu la Mzee Kiunga

"Ajenda ya Tano, Mwenendo wa Mweka Hazina, Kifungu cha Pili: Shavu," ndivyo jambo lilivyosomwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa letu hapa Laare, tarehe 9 Machi 2024, na mjane ameomba tuanzie hapo.

Marehemu Stanley Kiunga alizaliwa tarehe 2 Juni 1966 hapa Laare, mwana wa tatu wa hayati Mzee Rwamba, akasoma hadi darasa la saba, akaenda Kangeta kufunga mabunda ya miraa, vijiti vya kutafuna vinavyochangamsha, ambako alitafuna sawasawa na alivyofunga, na hakuna aliyemshinda kwa yote mawili. Tarehe 14 Novemba 1992 alimuoa Felicitas Kathure, wakajaliwa Kawira na Kaberia, na mwaka 2005 akaokoka, akaacha miraa, akakabidhiwa hazina ya kanisa.

Mwanzoni mwa 2024 shavu lake la kushoto lilivimba, na kwetu shavu likivimba hakuna anayeuliza, ni miraa tu, vijana wa boda boda wakampigia kelele, "Mzee, si utuachie hata vijiti viwili!", na kila alipofungua kinywa kuonyesha hamna kitu, akaambiwa ametemea mlangoni. Baraza, baada ya maombi na chai, lilimsimamisha kazi mpaka shavu lirudi mahali pake, azimio ambalo shavu halikulitii. Felicitas naye alipekua makoti yake, asipate hata jani, akaamini mumewe amejua kuficha. Marehemu akakataa kwenda hospitali kabla hajarudishiwa jina lake.

Mwezi wa Oktoba, shingo nayo ilipovimba, alipelekwa hospitali ya Embu, uvimbe ukapimwa, ikawa limfoma, saratani ya matezi, nayo ilikuwa imeshafika tumboni. Daktari alimweleza Felicitas kwamba wagonjwa wake wa limfoma kutoka huku milimani hufika hivyo hivyo, huyu ameng'olewa jino, yule ametibiwa kifua kikuu, mwingine amesingiziwa miraa, wote wamechelewa. Felicitas akauliza kama Machi ingekuwa mapema, akajibiwa kwamba Machi ingekuwa mapema.

Alifariki tarehe 17 Januari 2025, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, na tarehe 19 baraza likamrudishia cheo chake kwa kauli moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa damu waliyochangia na kuni walizoleta, wafungaji wa Kangeta waliosimamisha kazi leo, na wazee wa baraza, ambao wamefika wote.

Pumzika kwa amani, Baba Kawira. Kinywani hamkuwa na kitu. Ulikuwa mgonjwa.