Ukurasa Ambao Maalim Adnani Alikataa Kuufuta

Waislamu wenzetu, majirani, na jamaa mliosafiri kutoka Kiunga hadi hapa Majengo kumuuguza, kabla jeneza halijanyanyuliwa familia inawasomea maisha ya marehemu kama alivyotaka yasomwe, bila kufichwa kitu.

Maalim Adnani Husseini alizaliwa kisiwani Ngumi tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi wa mashua, akahitimu Kurani kwa ami yake, akasoma Kismayo, na mwaka 1979 akamaliza ualimu Mogadishu. Alifundisha historia na dini Kismayo miaka kumi na moja, na kila likizo alizunguka visiwani akinakili maandishi ya makaburi na nasaba za maimamu. Mwaka 1983 alimuoa Samiha Faisal, wakajaaliwa Hanan na Iman.

Tarehe 9 Mei 1991 watu wenye bunduki walivunja mlango wake, wakamvunja Samiha mkono kwa kitako cha bunduki, wakazichoma daftari zake zote kuchemshia chai, kisha wakamtia Hanan, aliyekuwa na miaka sita, mtutu kinywani, wakauliza, "Dhahabu iko wapi?" Maalim hakuwa nayo, akanyoosha kidole nyumba ya pili, kwa rafiki yake Mukhtari, sonara, ambaye walimburuta hadi uani wakampiga risasi tatu mbele ya mkewe, na Maalim akazisikia zote.

Familia ilikimbilia Ras Kamboni, ikavuka hadi Kiunga, ikaishia kambini Mombasa, ambako Maalim aliandika upya, kwa kichwa, tarikhi ya misikiti ya Wabajuni, na mwaka 2006 akachapisha kumbukumbu zake za ukimbizi. Ndugu walimsihi aufute ukurasa wa Mukhtari, akawajibu, "Nimeandika makosa ya maimamu waliokufa, yangu niyafiche?"

Barke, binti Mukhtari, aliusoma, akamfuata mlangoni mwa msikiti, akamzaba kofi mbele ya watu huku akilia kwa lafudhi ya Kibajuni, "Kumbe ni wewe! Mama amekufa akimlaani mchu mwengine." Vijana walimrukia, Maalim akawazuia, akamwambia, "Nipige tena, mwanangu." Hakumpiga tena, wala hakumsamehe.

Figo zilimsumbua tangu 2022, macho yakafuata, na leo Jumanne tarehe 14 Januari 2025, alfajiri, alifariki akiwa na umri wa miaka 68, ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba ngazini kila siku ya matibabu, na walimu wenzake waliomsomea vitabu alipokuwa haoni. Aliyekosewa na marehemu, akiweza kumsamehe amsamehe, na asiyeweza, familia haimlaumu. Maalim, pumzika kwa amani, Mola akupokee kwa rehema zake.